Balozi wa Nyumba Sifuri

Wadogo zangu wa kitengo cha chanjo, siku ya kuniaga mlinipa doti mbili za kanga, feni ya mezani na daftari tupu lenye jalada gumu, mkasema, "Nesi Seche, tuandikie mambo ya zamani." Feni imeshakufa. Kanga kazichukua binti yangu. Limebaki daftari, basi naandika. Vyeo na mishahara sitavitaja. Vyeo vilikuja vimechelewa, na mishahara mnaijua wenyewe. Nitaandika habari za watu wa sokoni Majengo waliokuwa hawana nyumba, na habari ya mtu mmoja aliyekaribia kuniua kwa presha kwa sababu ya kitu chembamba kuliko njiti ya kibiriti.

Nilianza kazi na viatu vipya na cheti kipya, na vyote viwili vilinibana. Waliponifikisha chumba cha sindano nilimkuta Mzee Nhonya, mhudumu, amekaa mbele ya jiko la mafuta ya taa anachemsha mabomba ya sindano. Enzi hizo bomba lilikuwa la kioo na sindano ilichemshwa ikarudi kazini, tena na tena, mpaka inakuwa butu kama kijiko. Mzee Nhonya hakuwa na cheti chochote isipokuwa cha ubatizo, lakini ndiye aliyenifundisha kazi. Kila sindano aliipitisha kwenye pamba. Ikikwaruza, anainoa kwenye jiwe lake dogo jeusi. Akaniambia, "Mwanangu, mgonjwa akikusamehe uchungu mara moja, mara ya pili anakimbia." Alinifundisha pia kutoamini kisanduku cha baridi cha kubebea chanjo. Barafu tunaondoka nayo asubuhi, ukifika saa nne unakuta imepungua na dereva ana soda baridi. Kwa hiyo nilizoea kufungua kisanduku kila mara na kukitolea macho kipimajoto, na hiyo tabia yangu njema ndiyo iliyoniponza, kama mtakavyoona.

Hiyo ilikuwa miaka ile biashara zimefunguliwa. Maduka yalijaa vitu ambavyo zamani tulivisikia tu kwa watu wenye ndugu nje, mitumba ikamwagika sokoni, na huku mashirika ya umma yanapunguza watu. Mtu analala mfanyakazi anaamka msaka kibarua. Majengo wakaongezeka waliokuwa wakilala vibarazani mwa maduka, chini ya malori na juu ya magunia: wabeba mizigo, wavuta mikokoteni, kina mama waliotoka vijijini mvua ilipokataa, na wengine walioshuka tu kwenye treni ya mizigo pale Ihumwa, nje ya mji, wakidhani wamefika mjini. Wengi walitembea peku penye misumari na mavi ya punda. Ukitaka mahali pa kuugua pepopunda, pale palikuwa pamekamilika.

Ndipo akaja Dokta Rwiza na utafiti wake. Kijana msafi, suruali imenyooshwa mpaka mkunjo unaweza kukata mkate. Alitaka kujua watu wasio na makazi wanaugua nini, wamewahi kuchanjwa nini, na je, mtu asiye na anwani anaweza kupewa dozi ya kwanza ya pepopunda akarudi baada ya wiki nne kuchukua ya pili? Swali zuri sana. Tatizo lilikuwa fomu. Fomu ilitungwa huko mbali na watu wenye nyumba.

Siku ya kwanza nilikaa kwenye debe mbele ya magunia ya karanga, nikamwita wa kwanza. Akaja mwanaume wa makamo, mrefu, ana kofia ya pama isiyo na juu.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Lafudhi hiyo ni ya Mgogo."

"Ndiyo, wa Mpwapwa."

"Mimi naitwa Maganga, Mnyamwezi wa Tabora," akasema. "Kumbe nina mtani hapa na watu hawajaniambia." Akainama, akachukua maandazi yangu mawili yaliyokuwa juu ya kisanduku, akaanza kula. Ningefanyaje? Mnyamwezi na Mgogo ni watani tangu babu zao wanapita kwetu na mizigo na babu zetu wanawatoza njia. Mtani akila chako, unamtukana kidogo, mnaendelea.

Nikamtukana kidogo, nikaendelea na fomu. "Namba ya nyumba?"

"Sina."

"Paa la nyumba yako ni la nini?"

Akatazama juu. "Leo ni mawingu mepesi."

"Aina ya choo?"

"Kipana."

"Unaishi na watu wangapi?"

"Soko likiwa limefungwa au limefunguliwa?"

"Una mifugo?"

"Chawa wanahesabika?"

Dokta Rwiza alikuwa nyuma yangu, akaninong'oneza, "Nesi, andika kuku." Hakukuwa na sehemu ya chawa.

Tukafika chini kabisa: sahihi ya balozi wa nyumba kumi, mjumbe wa chama mtaani. Nikamfuata balozi wa eneo lile, akaniambia hawa si watu wake kwa kuwa hawana nyumba, na isitoshe tangu vyama vingi vije yeye mwenyewe hajui kama bado ni balozi. Nikamrudia Dokta. Dokta akasema fomu isiyo na sahihi ya balozi ni karatasi ya kufungia karanga. Tukakaa tunatazamana, na barafu inayeyuka.

Maganga akafuta mdomo wake uliojaa maandazi yangu. "Mnataka balozi? Sisi tutachagua balozi."

Wakachagua palepale, kwa kupanga mstari nyuma ya mgombea. Mgombea alikuwa mmoja. Maganga akashinda, akatoa hotuba ya shukrani ndefu kuliko kampeni, akatangaza kwamba yeye ni Balozi wa Nyumba Sifuri. Dokta Rwiza alijikuna kidevu, akatazama fomu, akasema haikatazi.

Sasa nataka mnielewe: ule ujinga ulifanya kazi kuliko mipango yetu yote. Maganga zamani alikuwa karani wa ghala kwenye shirika moja kabla halijapunguza watu, na karani hafi ndani ya mtu. Kesho yake nilimkuta amechonga muhuri kwenye soli ya kandambili, una picha ya mkokoteni. Wino akaniomba dawa ile ya zambarau ya vidonda. Akagawa mitaa. Kulikuwa na Mtaa wa Kibarazani, Mtaa wa Mizani, na Mtaa wa Chini ya Lori ambao ulihama kila lori likiondoka. Kila mtu akapewa anwani: "Nyumba Namba Tatu, Kibarazani, gunia la pili, mlango unatazama mfereji." Kadi za chanjo, ambazo watu wasio na sanduku hawana pa kuziweka, alizitunza yeye zote kuzunguka ile kofia, amezifunga kwa mpira wa baiskeli.

Haikuchukua muda akaanza kutoa barua za utambulisho. "Mtajwa hapo juu ni mkazi wangu mwenye tabia ya wastani, naomba asaidiwe." Mpaka watu wenye nyumba zao mtaa wa Chang'ombe, mjini hapohapo, wakawa wanakuja kwake kugongewa muhuri, kwa kuwa mabalozi wao waliwazungusha na huyu alikuwa hazungushi mtu. Mimi mwenyewe aliniandikia barua ya kuombea likizo, na ilikubaliwa. Hiyo msimwambie mtu.

Siku ya dozi ya kwanza alisimamia foleni na fimbo. Mbeba magunia mmoja, jitu la miraba minne, akaanza kurudi nyuma alipoona sindano. Maganga akamwambia, "Wewe unabeba gunia la mtama la kilo mia, unaogopa kitu hakifiki hata nusu ya unywele? Toa mkono, unanitia aibu mtaani kwangu." Jitu likatoa mkono. Mimi nachoma, Mzee Nhonya anachemsha, Maganga anagonga muhuri kwenye kadi, nami naangalia kadi na kuandika kwenye rejista: amechanjwa, amechanjwa, amechanjwa. Na katikati ya hayo nafungua kisanduku nagombana na kipimajoto.

Wiki ya nne ilipofika, sokoni hapakuwa na mtu. Msimu wa kuvuna zabibu ulikuwa umeingia, wote wametawanyika mashambani. Dokta Rwiza alikaa juu ya debe langu, ameshika kichwa, mkunjo wa suruali umepotea. Maganga akamwambia asilie kama mjane, akatuma maneno kwa madereva wa malori ya zabibu: Balozi anawaita wakazi wake, asiyekuja nyumba yake anapewa mwingine. Wakaja. Walikuja na malori, na punda, mmoja alikuja na mwajiri wake ambaye naye akataka kuchanjwa. Dokta alifurahi mpaka akanikumbatia, kisha akakumbuka mimi ni mke wa mtu, akamkumbatia Mzee Nhonya.

Sasa ndiyo nafika kwenyewe.

Siku chache baada ya hapo nilipita Majengo nikamkuta Maganga amekaa kibarazani anachechemea hata akiwa amekaa. Alikuwa amekanyaga msumari wa kreti la sabuni, umeingia kwenye unyayo mpaka ndani, na yeye akaufunga mguu kwa kipande cha gunia kilichotoka kwenye zizi la punda. Jana yake. Nikafungua, nikasafisha, naye anatukana ukoo wangu wote mpaka mjomba aliyeko Kondoa.

"Mshukuru Mungu umechanjwa," nikamwambia, "maana kwenye kidonda cha namna hii ndiko pepopunda inakozaliwa."

Akautazama mguu wake.

"Mtani," akasema, "hilo daftari lako la chanjo linasemaje?"

"Linasema umepata dozi mbili."

"Basi linajua kuliko mimi."

Kadi yake alikuwa ameijaza mwenyewe, akaigonga muhuri mwenyewe, mara zote mbili, mimi nikiwa nimeinamia kisanduku. Nami nikaiona kadi ina mkokoteni wa zambarau, nikaandika amechanjwa. Mkono wake sikuwahi kuuona. Wadogo zangu, nilikuwa nesi hodari mwenye mwandiko mzuri, nikaandika uongo kwa mwandiko mzuri.

Sababu alinieleza bila kunitazama. Alipokuwa anaajiriwa kule ghalani alipimwa na kuchomwa, na sindano butu ikakatikia kwenye tako. Waliitafuta mchana kutwa, yeye amelala kifudifudi na makarani wenzake wanapita dirishani. Akaapa hatachomwa tena duniani. "Balozi hachomwi," akasema, akainuka, akapanda juu ya lundo la magunia ya karanga kwa mguu mmoja, akakaa kileleni.

Dokta Rwiza akaja na kitabu chenye picha ya mgonjwa wa pepopunda aliyepinda mgongo kama upinde. Akakiinua juu ili Maganga aone. Maganga akasema huyo ana mwili mzuri, anafaa ngoma. Nikambembeleza, nikamtisha, nikamletea maandazi. Maandazi alishuka nusu kuyachukua, akapanda tena. Na mimi nilijua tunachezea nini. Nilishamwona mtu akifa kwa pepopunda, meno yameumana, macho yanaona kila kitu. Kila saa niliyokaa chini ya yale magunia nilikuwa naihesabu.

Nikarudi kwa Mzee Nhonya nikamwambia nimeshindwa. Akazima jiko kwanza. "Wewe ni nesi wake au mtani wake?"

"Vyote."

"Unesi umekwisha. Nenda kamzike."

Nikaelewa. Wadogo zangu mliokulia mjini huenda hamjui: mtani ana haki kwenye msiba wa mtani wake. Anaweza kuja akalala kaburini, akamsema marehemu mbele ya wakwe, akazuia mazishi, na hakuna wa kukasirika. Wafiwa hawana la kufanya isipokuwa kumpa anachodai ili aondoke. Kawaida lakini husubiriwa mtu afe.

Kesho yake saa tatu asubuhi nikaingia Majengo nimejipaka majivu usoni, nimejifunga kaniki, nina jembe begani, naangua kilio. "Maganga we, umetuacha na nani! Nani atatugongea mihuri!" Wauza nyanya wakashtuka, kisha wakamwona marehemu amekaa juu ya magunia anatafuna karanga, wakaelewa. Hamjaona watu wanavyopenda msiba usio na maiti. Kina mama wakavua vilemba wakajifunga viunoni. Fundi cherehani akapanda na futi kupima sanda, akatangaza kwa sauti kwamba marehemu ni mrefu lakini hana upana, kitambaa kitabaki. Yule mbeba magunia wa miraba minne akasoma wasifu: "Marehemu alinitukana kwa kuogopa sindano. Marehemu mwenyewe amekufa kwa kuogopa sindano. Tutamkumbuka." Wakazi wa Kibarazani wakala ugali na mlenda wa marehemu, ndicho chakula cha matanga. Mimi nikaanza kuchimba kaburi palepale kwenye udongo mbele ya mizani, na wateja wa karanga wakasogea kupisha.

Maganga juu kule akacheka mwanzoni. Alipoona ugali wake unaliwa akaacha kucheka. Akatafuta mtu wa kumkasirikia na hakumpata, maana ukimkasirikia mtani wewe ndiye mwenye kosa. Nilipofika kiunoni kwenye shimo, yaani kiuno cha mbuzi, nikalala humo.

"Mtani," akaita. "Unadai nini ili nifufuke?"

"Mkono."

"Upi?"

"Wa kushoto unatosha."

Akashuka kwa matako, gunia moja baada ya jingine. Mzee Nhonya alikuwa amesimama na sinia, sindano ameinoa tangu alfajiri. Nikapangusa mkono kwa spiriti, na ile harufu tu ilipompata Maganga alianguka ndani ya kaburi lake, bado sijamgusa. Nikamchomea humohumo. Alipofumbua macho akauliza, "Tayari?"

"Nusu. Bado ya kuzuia sumu, na hiyo ni ya takoni."

Akazimia tena, safari hii kwa hiari nadhani.

Ningependa kuishia hapo tukiwa tunacheka. Lakini kidonda kilikuwa kimekaa siku mbili kabla ya dawa, na pepopunda hujificha hata wiki tatu. Nililala vibaya. Niliifungua rejista, nikaukata ule mstari wake, nikaandika ukweli, na ukweli haukunisaidia kulala. Kila asubuhi kabla ya kazi nilipita Majengo kumkagua taya. Amri yangu ilikuwa moja: afungue mdomo wote anitukane. Akinitukana vizuri, naenda kazini na moyo mweupe. Alinitukania pua, mwendo, upishi, na mlenda wa mama yangu ambao hajawahi kuuonja. Sijawahi kuyapenda matusi namna ile.

Ikaja asubuhi moja nikamkuta kibarazani amekaa wima, mkono umeshika taya. "Mbukwa, mtani," nikamsalimu kwa Kigogo. Kimya. "Fungua mdomo." Akatikisa kichwa polepole. Meno yameumana, macho yananitazama.

Begi liliniponyoka, nikasikia bomba la kioo linapasuka ndani. Nikapiga magoti kwenye vumbi nikamshika uso kwa mikono miwili. Sikumwita mtani. Nilimwita Maganga, nikamwambia nisamehe, mimi ndiye niliyeandika, mimi ndiye sikuangalia mkono, fungua baba, fungua hata kidogo. Machozi yalinitoka mpaka nikawa simwoni.

Akafungua. Taya lilishuka lote, halina neno. Nyuma ya magunia wakazi wake walikuwa wamejificha, wamepangwa watoke wakicheka, na hakuna hata mmoja aliyecheka. Nikampiga kofi. Akalipokea, hakunitukana. Alisema tu, "Sikujua," akaokota vioo vya begi langu kimoja kimoja.

Wiki tatu zikaisha, taya likabaki linafanya kazi mno. Ikabaki dozi yake ya pili, na mimi nikaanza kupanga msiba mwingine: niazime jembe kwa nani, nani asome wasifu. Siku yenyewe nilifika mapema kufungua chumba cha sindano. Kwenye ngazi alikuwa amekaa Maganga peke yake, hana kofia wala muhuri, mkono wa shati la kushoto ameukunja mpaka begani, macho ameyafumba kwa nguvu.

"Nani kakuleta?" nikamuuliza.

"Choma upesi, mtani," akasema. "Sitaki kukuona tena unalia vile."

Nilimchoma palepale kwenye ngazi, na hakuzimia mpaka nilipomaliza.